Jirani ananiuliza: mmefunga vipi na jiko linafuka saa saba mchana? (Kwaresima, Bagamoyo)

MgeniWaDunda aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Na kwa wasomaji Waislamu waliomo humu, poleni na mfungo.

Nimelelewa Songea, katika familia ambayo Kwaresima iliingia na kutoka bila mtu kuuliza kwa nini, kwa sababu kila jirani alikuwa anafanya vilevile. Sasa ni mwaka wa tatu naishi Bagamoyo, huku Dunda, katika nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe ni mama wa Kiislamu ninayemwita Bi Mkubwa, na yeye huniita mwanangu. Mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaingia siku hizohizo, kwa hiyo nyumba nzima imefunga, ila kila upande kwa namna yake.

Ijumaa iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nakaanga samaki wawili aina ya changu huku mlango nimeurudishia kwa heshima ya waliofunga. Bi Mkubwa alikuja uani kuanua nguo, harufu ikamfikia, akaniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, si uliniambia na nyinyi mmefunga?” Nikamjibu kwamba siku ya Ijumaa hatuli nyama, lakini samaki tunakula. Alicheka mpaka akashika ukuta. “Basi kama ni hivyo, Bagamoyo yote imefunga tangu enzi za mababu!”

Sikuwa na jibu. Jioni ileile, baada ya adhana ya magharibi, mjukuu wake aliniletea sahani ya futari iliyofunikwa kwa kawa: mihogo ya nazi, tambi, na sambusa nne za nyama, bado za moto. Nilibaki nimeishika mlangoni nikijiuliza kama ninaruhusiwa kula.

Naomba kueleweshwa. Sheria yenyewe ya kufunga inasemaje, mbali na mazoea ya nyumbani? Siku arobaini zinahesabiwaje, maana nikihesabu kwenye kalenda zinazidi? Samaki hahesabiwi kwa nini? Na zile sambusa ningezifanya nini? Ninaye pia mtoto wa miaka kumi na miwili anayetaka kufunga kutwa kama wenzake wa mtaani, na sijui nimzuie au nimwache.

KatekistaMstaafu alijibu:

Milele amina, mwanangu. Nimefundisha katekesi kwa miaka mingi katika vigango vya pwani, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, na swali la Bi Mkubwa nimelisikia kila mahali. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuja katika mji ambao neno “kufunga” lilikuwa na maana yake kamili: tangu alfajiri hadi magharibi hakipiti kitu kooni, hata maji. Sisi Wakatoliki tunalitumia neno hilohilo, ila tumelibebesha mambo matatu yasiyo sawa, na ndiyo maana jirani anayetusikia tukisema “tumefunga” kisha akaona moshi ana haki ya kushangaa.

Kufunga kwenyewe, kwa maana ya sheria ya Kanisa, ni siku mbili tu katika mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili, na akihitaji anaweza kuongeza vyakula viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo mwingine kamili. Maji hayakatazwi. Wanaobanwa ni wale waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, na mgonjwa au mama mjamzito habanwi. Jambo la pili ni kujinyima nyama, ambalo huanza mtu anapotimiza miaka 14 na halina mwisho wa umri. Hilo hushikwa siku hizo mbili, na pia siku za Ijumaa. Wengi wetu hudhani ni Ijumaa za Kwaresima peke yake, lakini Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1251, zinataja kila Ijumaa ya mwaka, isipokuwa ile inayoangukia sherehe ya kiliturujia, yaani sikukuu ya daraja la juu kabisa katika ibada za Kanisa. Kisha zinaliachia baraza la maaskofu la kila nchi kupanga kwa undani zaidi, ikiwa ni pamoja na kuweka tendo lingine la toba au la huruma mahali pa kujinyima nyama. Kwa hiyo sikiliza vizuri matangazo yanayosomwa kanisani mwanzoni mwa Kwaresima. Mwakani, kwa mfano, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, itakuwa Ijumaa, na katazo la nyama halitakuwepo ingawa ni Kwaresima.

Jambo la tatu ni kipindi chenyewe, yaani siku arobaini za toba, zinazobebwa na sala, kufunga na sadaka. Hapa hakuna kipimo kilichoandikwa; kila mmoja hujiwekea. Mtu akiniambia “nimefunga pombe Kwaresima hii”, hajavunja wala kutimiza sheria ya kufunga. Amejiwekea nia yake mbele ya Mungu.

Kuhusu hesabu, hukukosea. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiondoa Jumapili sita, ambazo hazifungwi kwa kuwa kila Jumapili ni adhimisho la ufufuko, zinabaki 40. Ipo hesabu nyingine iliyo kongwe zaidi: anza Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, zihesabu siku zote pamoja na Jumapili, na utaifikia siku ya arobaini Alhamisi Kuu. Siku nne za mwanzo, tangu Jumatano ya Majivu, ziliongezwa baadaye ili siku za kufunga zenyewe zitimie arobaini. Kiliturujia, Kwaresima huisha Alhamisi Kuu jioni, kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana. Jina lenyewe Kwaresima limetufikia kutoka kwa Wareno, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya “ya arobaini”.

Sasa samaki. Neno linalotumika katika sheria lina maana ya nyama ya wanyama na ndege. Samaki, mayai na maziwa hayamo. Lakini ukimweleza Bi Mkubwa hivyo tu, atacheka tena, na atakuwa na haki. Mwambie hivi: pwani hii samaki ni kitoweo cha kila siku, nyama ni ya shughuli. Pilau ya harusi ina nyama. Pilau ya Iddi ina nyama. Mgeni akija, kuku anachinjwa. Siku ya Ijumaa tunakumbuka mateso ya Bwana, na siku ambayo nyumba ina msiba haifanyi karamu, ila haikatazwi kula. Nina hakika ataelewa.

MvuviWaMlingotini alijibu:

Mzee Katekista amesema vizuri, nami naongeza kwa upande wa sisi tunaokula samaki asubuhi na jioni. Kwangu nyama huonekana labda mara mbili kwa mwezi, na mara nyingi si Ijumaa. Kwa miaka mingi niliitimiza sheria bila hata kujua kwamba ilikuwa ni Ijumaa, mpaka siku moja katika Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kikundi chetu cha sala cha waumini majirani, mama mmoja aliniuliza, “Wewe baba unajinyima nini hasa?” Nikakosa la kusema, kama ulivyokosa wewe uani.

Tangu hapo nimejiwekea jambo linaloniuma kweli. Nimeacha kahawa ya barazani na kashata zake kwa siku zote arobaini. Kikombe ni shilingi 200, nami nilikuwa nakunywa vitatu kila jioni. Fedha hiyo naitia katika kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, na Juma Kuu tunalifungua kwa ajili ya mjane mmoja wa jumuiya yetu. Siku za mwanzo nilikuwa mkali nyumbani kwa sababu ya kahawa hiyo, mpaka mke wangu akasema ni heri nirudi barazani. Katika Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu husomwa Isaya 58, mahali Bwana anapowakemea watu wanaofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao. Nililisikia somo hilo nikainama.

Namuuliza Katekista: Jumapili ninaruhusiwa kunywa?

PaulinaWaMagomeni alijibu:

Mimi Jumapili ninakula kila nilichokiacha, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu Katekista mwenyewe amesema Jumapili haifungwi.

Lakini nilitaka kuzungumzia sambusa, kwa kuwa naona wote mmezikwepa. Mimi ningezila zote nne. Jirani aliyeshinda na njaa kutwa, akasimama jikoni wakati mate yanamtoka, akakukumbuka wewe kabla hajala: sahani ya mtu kama huyo huirudishi wala huiweki kando kwa sababu ya kanuni. Upendo uko juu ya nyama. Hata sahani yake hairudi tupu kwa desturi ya huku. Sasa utairudisha na nini, na maelezo ya Sheria za Kanisa?

KatekistaMstaafu alijibu:

Dada Paulina, umenichekesha, na nusu ya neno lako nalikubali. Nusu nyingine siikubali. Kupokea na kula ni mambo mawili. Sahani ile hupokewa kwa mikono miwili na kwa shukrani, mihogo na tambi huliwa zikiwa za moto, na sambusa mbili hupewa yule mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye sheria hii haijamfikia. Mbili zilizobaki mama yake atazila Jumamosi asubuhi kwa chai. Hakuna aliyedharauliwa. Na kama mtu alikula kwa kusahau, au kwa kuona kwamba kukataa mbele ya mwenyeji kungemuumiza, asikeshe akijihukumu. Sheria hii iliwekwa ili ituelekeze katika toba, na paroko anayo mamlaka ya kumwondolea muumini wajibu huo, au kuubadilisha kwa tendo lingine jema, pakiwa na sababu ya haki.

Ila ninachokiona mimi ni kwamba tunamwogopa Bi Mkubwa bure. Mtu aliyefunga ndiye anayeelewa haraka kuliko wote maneno “leo nimejizuia”. Mwambie.

Ndugu Mvuvi, Jumapili ukinywa kahawa hutendi dhambi. Hata hivyo Jumapili hizo zimo ndani ya Kwaresima: padri huvaa zambarau, Aleluya haiimbwi, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na ni Jumapili ya nne tu ambayo rangi ya waridi inaruhusiwa kama kupumua kidogo katikati ya safari. Mimi binafsi nia niliyoiweka huendelea nayo hadi Pasaka, kwa sababu najijua: nikifungua mlango Jumapili, Jumatatu haufungiki. Wewe pima mwenyewe, na mkeo umsikilize.

Kuhusu mtoto, usimkatishe tamaa wala usimpe mzigo wa mtu mzima. Sheria inawataka wachungaji na wazazi wahakikishe kwamba hata watoto ambao bado hawabanwi wanalelewa katika maana halisi ya toba. Aache peremende au soda, na fedha yake aitie katika kopo kama la Mvuvi.

MwanaWaKaole alijibu:

Mimi ni Mwislamu, hupita humu kusoma tu, lakini leo naona nimetajwa bila kutajwa. Na kwetu pia mgonjwa, msafiri na mjamzito wana ruhusa yao, na mtoto hufundishwa kidogokidogo. Wa kwangu alianza kwa kufunga hadi adhuhuri. Bi Mkubwa akiambiwa kwamba Ijumaa nyama haipiti, hatakasirika. Atakachokasirikia ni kugundua baadaye kwamba sambusa zake zililala.

MgeniWaDunda alijibu:

Nawashukuru nyote. Jana jioni nilimpelekea Bi Mkubwa sahani yake ikiwa na ndizi za kupika, nikaketi naye mkekani, nikamweleza kama Katekista alivyoniagiza: kwamba samaki ni wa kila siku na nyama ni ya shughuli, na sisi Ijumaa hatuna shughuli. Alinyamaza kidogo akizungusha tasbihi, kisha akasema, “Hilo sasa nimelifahamu. Ulipaswa kuanza na hilo.” Dada Paulina, alipouliza zile sambusa zilikuwaje nilimwambia ukweli, kwamba mbili alikula mtoto na mbili nilizila kesho yake. Akasema Ijumaa atatuma kachori za viazi.

Mtoto amechagua kuacha soda, ingawa ameniuliza mara mbili kama juisi ya ukwaju nayo ni soda.

Limebaki jambo moja. Kutegemea mwandamo wa mwezi, Iddi mwaka huu inaweza kuangukia Ijumaa, tarehe 20 Machi, na kila Iddi tangu nihamie hapa tumekula pilau ya Bi Mkubwa uani, wapangaji wote kwa sinia moja. Nilikuwa nafikiria kwenda kwa paroko mapema kuomba ruhusa, lakini Bi Mkubwa amenitangulia. Alihesabu kwa vidole, akanitazama, akasema mwezi ukiandama Alhamisi atanitengea sufuria yangu ndogo, nyama yake nitaila Jumamosi.