Somo la vifaa vya uhandisi kwa darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti: mnafundishaje?

Mkufunzi, Lamu
Assalamu alaykum, walimu wenzangu. Nafundisha somo la awali la vifaa vya uhandisi katika chuo cha ufundi. Nina vijana waliomaliza kidato cha nne wakiijua fizikia vizuri, wengine waliokulia kwenye uundaji wa majahazi Matondoni bila kusoma sayansi, na mwanafunzi mmoja kiziwi. Nikianza na mpangilio wa atomi, nusu ya darasa hunipotea. Nikiiacha nadharia, waliosalia huona wamepunjwa. Nifanyeje?

Mwalimu, Malindi
Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nadharia ibaki, ila itanguliwe na kazi ya mikono. Lipe kila kundi sindano tatu za kushonea na koleo. Ya kwanza waipinde kama ilivyo. Ya pili waipashe moto hadi iwe nyekundu, kisha waiache ipoe polepole. Ya tatu waipashe vivyo hivyo na kuitumbukiza majini papo hapo. Kabla ya kupinda, kila mmoja aandike au achore anachotarajia. Ile iliyopoa polepole hupindika kwa wepesi, na ile ya majini hukatika mara moja, ilhali chuma ni kile kile na kaboni ni ile ile. Wakishaona hivyo, wenyewe watauliza ndani ya chuma kumebadilika nini, nawe utawaeleza habari za atomi wakiwa na hamu ya kuzisikia. (Misumari ya kawaida haifai hapa, kwani kaboni yake, ambayo ndiyo hukifanya chuma kiwe kigumu kikipozwa ghafla, ni kidogo mno.) Wote wavae miwani ya kinga, maana vipande huruka. Kwa mwanafunzi wako kiziwi, matokeo yanaonekana kwa macho. Wewe usizungumze ukiwa umelipa darasa mgongo.

Fundi mwalimu, Lamu
Naunga mkono, na makundi yachanganywe. Kijana wa Matondoni anajua kwamba msumari uliopakwa zinki hudumu baharini kuliko mtupu. Mwenzake wa fizikia ataeleza kwamba zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, hivyo huliwa kwanza. Waikwaruze zinki kidogo hadi chuma kionekane, watie misumari katika chupa za maji ya bahari, kisha wabishane iwapo palipokwaruzwa patashika kutu mapema.

Mkufunzi, Lamu
Ahsanteni sana. Na upimaji je?

Mwalimu, Malindi
Mtihani wa taifa hatuupangi sisi, lakini wa darasani ni wako. Mpe mwanafunzi sindano iliyovunjika, aeleze sababu kwa mdomo, kwa ishara au kwa mchoro, nawe utoe alama kwa hoja.