Siku moja Unguja: Maruhubi, Mtoni au Kidichi? Na vitu vya mikono ninunue wapi?

Kunduchi_Boi: Wakuu, nakuja Unguja na familia, tunalala usiku mmoja tu. Nataka watoto waone kasri za masultani, jioni tutulie Forodhani, na mama watoto apate vinyago na vikapu. Kwa muda huo twende Maruhubi, Mtoni au Kidichi? Bajeti ya kawaida.

bi_Shangani: Bajeti ya kawaida ndiyo shilingi ngapi, kaka? Watoto wana umri gani? Mna gari? Mnakuja mwezi gani? Ikiangukia Ramadhani, mchana hata chai ya kunywa hadharani hupati.

nguzo_tano: Maruhubi, usihangaike. Seyyid Barghash alilijenga miaka ya 1880, likaungua 1899. Ghorofa ya mbao yote ikaenda na moto, zikabaki nguzo nene za mawe na hamamu, yaani bafu la kuogea. Watoto watakimbizana humo mpaka wachoke.

MkaaBububu: Nguzo tu ndiyo kasri? Mtoni ni kongwe zaidi, ndiko alikokaa Seyyid Said mwenyewe. Binti yake Salme alizaliwa pale 1844, yule aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Na zote mbili ziko njia ya Bububu, panda daladala 502 umwambie konda pa kukushusha.

nguzo_tano: Mtoni nako ni kuta tu, usimdanganye mtu.

Kunduchi_Boi: Asanteni. Watoto watatu, mkubwa yuko darasa la saba. Gari hatuna. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, je?

bi_Shangani: Iliporomoka upande mmoja Desemba 2020, utaitazama kwa nje ukiwa Forodhani. Mwezi, kaka. Hujasema mwezi.

mama_Tunu: Mimi nasema Kidichi, ila nisikilizeni kwanza. Tulipotoka bandarini papasi mmoja, wale vijana wanaowinda wageni, alitudaka, mpole, salamu ndefu, tukapatana bei ya kutwa nzima. Badala ya Kidichi akatupeleka shamba la viungo. Kijana akawa anasuka makuti huku anatembea, mara kofia, mara tai, anawavisha wanangu mmoja mmoja. Wakafurahi, tukapiga picha. Kumbe kila kofia ina bei yake, na anayedai si yule aliyesuka! Mume wangu akakataa, mdogo akaanza kulia hataki kuvua. Tukalipa. Kidichi tukafika jua limeshapinda, papasi anatuharakisha, "gari inasubiri". Na pale ndipo mahali pa kutulia: ukuta wa hamamu umechongwa maua na ndege kwenye lipu, kazi ya Kiajemi, Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi mwaka 1850. Sikumaliza hata ukuta mmoja. Kisha duka la "shemeji yake", kikapu cha ukili bei ya godoro. Patana na dereva wa teksi moja kwa moja, mtaje kila kituo kabla hamjaondoka.

MkaaBububu: Pole dada. Ila si papasi wote.

mama_Tunu: Sijasema wote.

dunga_kwetu: Kila mtu masultani, masultani. Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji, alikuwa na kasri lake Dunga, na yeye ndiye mwenyeji wa kisiwa. Wapelekeni watoto huko wajue Unguja haikuanza na Waomani.

nguzo_tano: Dunga na Forodhani siku hiyohiyo, bila gari, na watoto watatu? Haya.

SaloumM: Mimi nimekwama kwenye vinyago. Mtu anatoka Dar, ana Mwenge pale na wachongaji wake, anavuka bahari kuja kununua kinyago cha Kimakonde! Hapa nunua kofia ya kiua, mkoba wa ukili, kanga za Darajani. Ndani ya Ngome Kongwe kuna maduka, lakini bei ya kwanza usiiamini. Taja nusu, kisha jifanye unaondoka.

bi_Shangani: Nusu? Kofia ya kiua inashonwa kwa mkono wiki kwa wiki, tundu kwa tundu. Mama anayeshona akisikia nusu yako atakulaani.

SaloumM: Kwani hiyo pesa inamfikia yeye?

Kunduchi_Boi: Tumepata teksi ya kwenda Kidichi, wife anataka Mtoni. Forodhani tule nini?

nguzo_tano: Mishkaki na juisi ya miwa.

dunga_kwetu: Urojo, lakini si Forodhani. Ule ni wa wageni, bajia zimelala.

MkaaBububu: Urojo wa wapi basi? Ukisema Jang'ombe nakublock.

bi_Shangani: Mwezi gani jamani?