Mpunga nimepanda siku moja, masuke kila mmoja na wakati wake. Kwa nini?

jaruba_cheju: Asalaam aleykum wana jamvi. Mie nnalima Cheju, huku Unguja, mbegu mwaka huu kanipa jirani kasema supa tupu, nikaisia siku moja nikapandikiza siku moja na mbolea ileile, sasa skwambieni, mingine ishatoa masuke ndege washaanza kuifata, mingine ndo kwanza ina mimba, mingine majani matupu. Kuwinga ndege mwezi mzima ntaweza wapi mie?

mzeewabonde: Ardhi hiyo yakhe. Palipotuama maji hukawia.

mpemba_wa_wete: Mzee wangu samahani, ingekuwa ardhi ungeona upande mmoja umewahi na mwengine umechelewa. Kaka, kwako si imechanganyika shina kwa shina?

jaruba_cheju: Shina kwa shina!

mpemba_wa_wete: Basi mbegu hiyo. Mpunga una jeni (chembe ya urithi) yaitwa Hd3a, protini yake inatengenezwa kwenye jani inakwenda mpaka kilele cha shina kuuambia toa suke (Wajapani walilionesha hili 2007). Sasa kuna nyengine, Hd1, mchana ukiwa mfupi inaisukuma Hd3a, mchana mrefu inaizuia. Mipunga mingi imerithi Hd1 mbovu, hiyo haijali sana mchana, inakwenda na umri wake tu. Ukichanganya mbegu za aina mbili tatu ndo hayo ulonayo.

bintikizimbani: Lakini huku kwetu mchana si sawasawa mwaka mzima?

mpemba_wa_wete: Karibu sawa dada, Disemba na Juni hazipishani hata saa moja, ila mpunga unaojali mchana hata nusu saa unaihisi. Jaribu: sia kidogo Februari na kidogo Machi, ukiona masuke yanakuja karibu pamoja ujue huo unafata mchana, ukiona yamepishana mwezi ujue unahesabu siku zake.

bintikizimbani: Aa kumbe! Sie darasani tulisomeshwa kimmea cha Ulaya, arabidopsisi, kuna ya baridi inayosubiri majira ya baridi yapite ndo ichanue, na kuna zilizopoteza jeni ya FRI zinachanua chapu bila kusubiri. Sikujua mpunga nao una yake.

mpemba_wa_wete: Jaruba, mpunga unajichavusha wenyewe, kwa hivyo chagua masuke ya mashina yaliyotoka pamoja, funga uzi, vuna mbali, hiyo ndo mbegu yako ya mwakani.

jaruba_cheju: Uzi nishafunga. Na jirani kashapita asubuhi kuniomba mbegu, nimpe ipi sasa 😂