Mafunzo ya ufundi wa magari ya haibridi, umeme na gesi yanayoendeshwa kwa ruzuku: tathmini ianzie wapi?

Mwuliza swali
Ndugu wanajukwaa, nimeombwa kutathmini mafunzo ya ufundi wa magari ya haibridi (yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), ya umeme na ya gesi asilia katika chuo kimoja hapa Tanzania. Ruzuku inakaribia kwisha, na taarifa zote nilizokabidhiwa zinataja idadi ya waliosajiliwa, waliohitimu na vifaa vilivyonunuliwa. Hakuna panapoonesha kama mhitimu anaweza kuachiwa gari la mteja peke yake. Walimu wanajituma kwelikweli, nami nisingependa kazi hii ionekane kuwa ya kuwasaka makosa. Nianzie wapi, ilhali ujuzi wa wanafunzi haukupimwa kabla hawajaanza?

Mkufunzi wa umeme wa magari
Anzia karakana, mafaili yatafuata. Teua wahitimu kwa bahati nasibu, usikubali kuteuliwa na chuo, kisha mpe kila mmoja Toyota Prius, ambayo ni gari la haibridi, yenye hitilafu uliyoitega mwenyewe. Betri ya Prius ya kizazi cha pili au cha tatu ina takriban volti 200, wakati katika magari mkondo mnyoofu (DC) unaozidi volti 60 tayari huhesabiwa kuwa wa hatari. Tazama kama amezima gari na kuuweka ufunguo mbali, kama amezijaza hewa glavu za mpira kuona iwapo zimetoboka, kama amechomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri na kusubiri dakika 10 ili chaji iliyobaki kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) iishe, na kama amethibitisha kwa multimita (kipima umeme) kwamba umeme haupo kabla hajagusa waya wowote. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho ameshindwa, hata akiipata hitilafu. Kwa upande wa gesi, ambako mtungi hujazwa hadi shinikizo la bar 200, tazama anavyokagua uvujaji kwenye kila kiungo cha bomba.

Mtathmini wa miradi
Nakubaliana na Mkufunzi, ila jaribio hilo litakuonesha anachokiweza mhitimu leo, wala halitathibitisha kwamba amekipata chuoni. Kwa kuwa huna takwimu za awali, wape jaribio hilohilo mafundi wa gereji wenye uzoefu unaokaribiana ambao hawakupitia mafunzo hayo. Ni mlinganisho dhaifu, kwa sababu anayejiandikisha kusoma huenda tangu awali alikuwa na ari kuliko mwenzake, na udhaifu huo uuandike wazi katika ripoti. Watafute pia walioacha masomo njiani, maana sababu zao hazimo kwenye orodha ya wahitimu. Nchini Marekani, mpango wa ATE (Advanced Technological Education) wa kufadhili mafunzo ya mafundi wa teknolojia ya kisasa, uliotokana na sheria ya mwaka 1992 na unaofadhili hasa vyuo vya miaka miwili, huutaka mradi ueleze utakavyotathminiwa tangu kwenye maombi ya fedha. Pendekeza chuo kifanye hivyo katika ombi lijalo.

Mwenye gereji
Mimi ndiye ninayewaajiri vijana hawa, kwa hiyo naomba uulize jambo moja la fedha. Glavu za kuhami umeme, kwa kanuni za usalama kazini za Marekani, hupimwa upya kila baada ya miezi 6. Ruzuku ikiisha, nani atalipia vipimo hivyo, betri za kufundishia na marekebisho ya vifaa vya uchunguzi? Omba uoneshwe fungu lenyewe kwenye bajeti ya chuo ya mwaka ujao, usiridhike na ahadi ya mdomo.