Ndege ikiacha njia baada ya kutua, wa kwanza kuulizwa awe rubani?

Mleta mada: Ndege ikishatua kisha ikaishia majanini, husingiziwa upepo na mvua. Mimi nasema rubani aulizwe kwanza. Mwaka 2015 ndege aina ya MD-88 ya shirika la Delta ilitua uwanja wa LaGuardia, New York, wakati wa theluji, ikapinda kushoto, ikasimama pua ikining'inia juu ya tuta la ghuba. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilisema kapteni alishindwa kuidhibiti kwa kuwa alitumia msukumo wa kinyume wa injini, ule wa kupunguza mwendo, kupita kiasi. Marubani wa siku hizi wamezoea kushushiwa ndege na mashine, kwa hiyo miguu imesahau kazi yake.

Jicho la Mwewe: Hayo ya LaGuardia nayaacha, lakini sentensi yako ya mwisho ni tusi. Mfumo wa kuitua ndege bila mkono wa rubani una kikomo cha upepo wa ubavuni, na upepo ukikizidi, ni mikono na miguu ya rubani inayoishusha ndege. Umewahi kukanyaga pedali za kuiongoza ndege, au unatusimulia tu?

Mleta mada: Si lazima niwe mpishi ndipo nijue chakula kimeungua. Mbona ile ndege aina ya A320 ya shirika la JetBlue iliyotua Los Angeles, nadhani mwaka 2004, magurudumu yake ya mbele yakiwa yamekaa mshazari, ilifuata mstari wa kati mpaka ikasimama?

Fundi Magurudumu: Ni Septemba 2005, ndugu, na mfano huo unakugeuka. Marubani wale waliacha kwa makusudi kutumia msukumo wa kinyume. Mara baada ya kutua, kinachoishikilia ndege katika mstari ni usukani wa mkiani, nao hutegemea hewa inayoupitia. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyopoteza nguvu, na kazi huhamia kwenye gurudumu la mbele na breki, ambavyo navyo kwenye theluji havina pa kushikia. Injini za MD-88 ziko nyuma, ubavuni mwa mkia, kwa hiyo msukumo wa kinyume ukizidi huunyima usukani hewa hiyo. Mwongozo uliwataka marubani wa Delta wasizidi 1.3 kwenye njia yenye theluji, katika uwiano wa shinikizo la injini unaoonyesha nguvu ya msukumo, nao wakafikia karibu 2.

Mleta mada: Basi umekubali kwamba ni rubani.

Jicho la Mwewe: Amekubali kwamba mguu ulikanyaga pedali na pedali haikujibu. Wewe ulisema miguu imesahau kazi. Hiyo kauli hujaifuta bado.

Mama Mizani: Mnagombania miguu ilhali hamjagusa masikio. Ndege zilizotangulia kutua zilitoa taarifa kwamba breki zinashika vizuri, na theluji haikukoma kuanguka. Kapteni aliyeambiwa hivyo, akiikuta njia nyeupe tupu na maji ya ghuba mbele yake, ataivuta mitambo ya kusimamisha kwa nguvu zote. Kwangu swali ni nani alipaswa kuifunga njia ile, na kwa kipimo gani.

Mleta mada: Hilo lifunguliwe mada yake. Hapa tunazungumzia rubani.

Fundi Magurudumu: Afadhali tuendelee hapahapa. Kikomo cha 1.3 kina maana gani iwapo anayetakiwa kukifuata ameambiwa kwamba njia inashika?