Mgombea wa bunge la jimbo na leseni ya uuguzi: ana uwezo gani hasa?

Dada wa Brooklyn Park:
Hamjambo nyote. Bodi ya uuguzi ya Minnesota imerudisha faili langu la KRCHN (diploma ya uuguzi ya Kenya) tena, eti ripoti ya CES, ile ya kukagua vyeti vya nje, haijakamilika. Jana mgombea wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota alipita mlangoni. Anasema vipaumbele vyake ni afya, ajira na wahamiaji, na akishinda ataisukuma leseni yangu, hata kadi ya kijani ya mama. Jumamosi wagombea wote wanakuja ukumbi wa kanisa. Wakubwa, nimuulize nini? Na je, nisubiri Novemba, au nimwandikie mwakilishi aliyepo sasa?

Mzee wa Rochester:
Binti yangu, kadi ya kijani iondoe mezani kabisa. USCIS, idara ya uhamiaji, ni serikali kuu. Anayeuliza huko kwa niaba yako ni mbunge wako wa Congress au seneta wa Marekani, na hataanza bila fomu ya idhini ya faragha yenye sahihi ya mama mwenyewe, namba ya risiti na namba ya A (namba yake ya uhamiaji). Mgombea wa bunge la jimbo kule St. Paul akikuahidi kadi ya kijani ni sawa na MCA, diwani wa kaunti ya Kenya, kukuahidi pasipoti. Leseni ya uuguzi ndiyo ya jimbo: sheria yake iko sura ya 148 ya sheria za Minnesota, na wajumbe wa bodi huteuliwa na gavana. Bunge linaweza kubadili masharti ya sheria. Haliwezi kuiamuru bodi ipitishe faili la mtu mmoja.

Kaka wa Saint Cloud:
Mzee, shikamoo, lakini hapo umemwacha njiani. Sheria ya jimbo haijamkwamisha. Faili limekwama CGFNS (siku hizi TruMerit), shirika linalotoa ripoti ya CES, na shirika hilo haliko chini ya jimbo lolote. Dada, kagua haya kabla ya Jumamosi. Chuo kitume transkripti moja kwa moja, na NCK, baraza la wauguzi la Kenya, ithibitishe usajili moja kwa moja. Bahasha iliyopitia mikononi mwako haikubaliwi. Transkripti ionyeshe saa za darasani na za wodini kwa kila eneo: watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, magonjwa ya akili. Kama cheti kina jina la usichana na pasipoti ina jina la ndoa, ambatisha cheti cha ndoa, la sivyo nyaraka zinakaa kwenye mafaili mawili tofauti. Jumamosi muulize kuhusu NLC, mkataba wa majimbo unaomruhusu muuguzi kufanya kazi majimbo mengi kwa leseni moja: Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili zimo, Minnesota haimo.

Muuguzi wa Duluth:
NLC haimsaidii huyu dada, tusimchanganye. NLC ni ya mtu ambaye tayari amefaulu NCLEX, mtihani wa leseni, na ana leseni. Ni swali zuri kwa wauguzi wengine wa jumuiya, ila mjue chama cha wauguzi cha hapa kinaipinga, kwa hiyo mgombea anayeungwa mkono nacho atajibu kwa kuzungukazunguka. Mbane.

Nami nasema hivi: msiulize "kipaumbele chako ni nini". Kila mtu atajibu afya, shule, usalama, na dakika mbili zake zimekwisha. Muulize mswada. Una namba ya HF (mswada wa Baraza la Wawakilishi) au SF (wa Seneti)? Kama bado haujaandikwa, utabadilisha kifungu gani cha sura ya 148? Utaanzia kamati ipi? Ukigharimu fedha, zitatoka wapi, maana bajeti ya miaka miwili hupitishwa mwaka usiogawanyika kwa mbili, na inayofuata ni ya 2027? Baraza la Wawakilishi lina viti 134 na mswada unahitaji kura 68. Uchaguzi wa 2024 uliwapa vyama viwili viti 67 kwa 67. Seneti ni kura 34 kati ya 67, halafu sahihi ya gavana. Anayesema "nitapitisha" aeleze kura ya 68 ataitoa kwa nani upande wa pili.

Kumbukeni MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo. Sheria ya 2023 iliwafungulia wahamiaji wasio na hati, wakaanza kuingia Januari 2025, na Juni mwaka huohuo bunge likawaondoa watu wazima kuanzia 2026, wakabaki watoto. Hilo liliingia kwenye maafikiano ya bajeti, tena baada ya ahadi nyingi. Aliyekuwa bungeni aulizwe alipigaje kura. Mgombea mpya aulizwe angepigaje. Jibu la ndiyo au hapana.

Katibu wa chama:
Naomba tuheshimu utaratibu. Kanisa ni 501(c)(3), yaani shirika lisilotozwa kodi ambalo haliruhusiwi kumpigia debe mgombea: tumewaalika wagombea wote wa kiti hicho, maswali ni yaleyale kwa kila mmoja, hakuna fulana wala michango ukumbini. Angalieni wilaya zenu kabla ya kuja, maana kila wilaya ya Seneti imegawanywa A na B, na majirani wa barabara moja huweza kuwa na wawakilishi tofauti.

Wenye kadi ya kijani, karibuni, ulizeni maswali kwa sauti. Lakini MSIJAZE fomu kwenye meza ya kuandikisha wapigakura, hata ukiambiwa "ni sahihi tu". N-400, fomu ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu hilo linaweza kukugharimu uraia, hata kukufukuzisha nchini.

Mama wa Burnsville:
Asante, Katibu. Mimi linaniuma jambo moja: hapa mgombea anabisha mlangoni kwangu, na kwetu Kenya mwanadiaspora anapiga kura ya rais tu. Mbunge, gavana, MCA, hakuna. 2027 tutasafiri tena hadi Washington?

Kaka wa Saint Cloud:
Si Washington peke yake, mama. 2022 vituo vya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Kwa mtu wa Minnesota vyote ni ndege.

Mzee wa Rochester:
Afadhali Kenya. Mtanzania akichukua uraia wa hapa anapoteza wa kwao, na kura nayo inakwenda. Wakenya mna katiba ya 2010 inayoruhusu uraia wa nchi mbili, mshukuruni Mungu.

Dada wa Brooklyn Park:
Asanteni sana. Chuo nitakipigia usiku wa leo, huko itakuwa asubuhi. Lakini mwakilishi aliyepo sasa, nimwandikie au nisimwandikie?

Mama wa Burnsville:
Kaka, IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, wanaandikisha diaspora kwa kitambulisho au pasipoti? Yangu imeisha muda.