Shea yangu ya kupiga imejaa chembechembe, na nywele za mtoto bado ni kavu. Nisaidieni

mama_wa_pp2
Wadau habari za jioni, nisaidieni hapa, juu YouTube imenichanganya kabisa, kila mtu ako na yake. Nilichukua shea, yale mafuta mazito ya kokwa ya kupaka nywele na ngozi, ile ambayo haijasafishwa, kipande tu kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, huko Dubois Road, Nairobi. Nikaiyeyusha kwa sufuria na moto mdogo, nikatia mafuta ya nazi karibu nusu kwa nusu, nikaacha mezani usiku kucha ipoe ndio asubuhi niipige na ile mashine ya mkono ya keki. Ilifura vizuri sana, laini, hata nikapiga picha nikaweka status. Sasa siku chache baadaye nikichota nasikia chembechembe. Ukisugua mkononi zinayeyuka lakini kwa nywele zinabaki vidoa vyeupe, jana mwalimu ameniuliza kwa upole kama mtoto ako na chawa. Aibu niliyoskia sitaki hata kueleza.

Halafu na hii baridi ya Julai imekuwa ngumu mpaka kijiko kinapinda. Na mtoto napaka kila asubuhi lakini jioni nywele ni kavu vile vile na magoti yamepauka. Ama niliuziwa feki? Rangi yake ni njano kidogo. Kuna jirani ananiambia niongeze maji ya alovera ndio iwe laini, ni sawa?

mzee_kipara
Niko hapa kusoma tu, sina nywele lakini niko na visigino.

kemia_mtaani
Mama PP2 pole, lakini hio sio lazima iwe feki. Shida iko kwa kupoesha. Shea ni mafuta ya aina mbili yamekaa pamoja, kuna sehemu ngumu inayoganda mapema na sehemu laini inayochelewa. Ukiiacha mezani ipoe polepole usiku mzima ile ngumu inapata wakati wa kujikusanya kivyake, inatengeneza punje. Ukipiga hapo unaziingizia hewa tu, haziendi mahali, na siku zikisonga zinazidi kukua. Hata ile umenunua ikiwa safi kabisa, ikikaa kwa gari kwa jua ikayeyuka halafu ikapoa yenyewe usiku inafanya hivo hivo kabla hata ufike nayo nyumbani.

Kwa hivyo usitupe. Weka bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji moto, maji yasichemke kwa fujo, na bakuli lisiguse maji. Iyeyushe mpaka iwe wazi kabisa, uone chini ya bakuli, kama kuna hata wingu kidogo ngojea. Toa kwa moto. Ukitaka kuongeza mafuta ya maji maji ongeza hapo. Sasa usiiache ipoe kwa hiari yake, tia bakuli ndani ya beseni ya maji baridi na barafu ukikoroga bila kuacha, ama friza dakika 15 hivi unatoa unakoroga unarudisha. Ukiona kando kando imekuwa nzito na imepoteza ule uwazi lakini katikati kidole bado kinazama, hapo ndio unapiga. Ikishaganda kabisa umechelewa, mashine itaungua bure.

Kuhusu ugumu, hayo mafuta ya nazi ndio yanakuponza. Nazi inaganda chini ya digrii 24, na Nairobi mwezi huu hata mchana hatufiki huko siku nyingi. Umechanganya kitu kigumu na kitu kigumu. Kwa gramu 200 za shea weka mililita 50 za mafuta yasiyoganda, ya alizeti, ya simsim, ama ya parachichi. Msimu wa baridi unaweza fika 70.

mrembo_south_b
Mimi sijawahi yeyusha na sijawahi ona hizo chembe. Naikata vipande vidogo naacha kwa bakuli karibu na jiko nikipika mpaka ilegee, naponda na mwiko kwanza halafu napiga na mashine nikiongeza mafuta kidogo kidogo. Dakika kumi hivi. Hizi stori za barafu ni kujitesa.

kemia_mtaani
Hio pia ni sawa kabisa, lakini tu kama shea yenyewe ilikuwa laini tangu mwanzo. Yake tayari iko na punje, akiponda ataponda mpaka Krismasi.

binti_wa_lira
Hamjambo. Mimi ni wa kule kaskazini mwa Uganda, niko Nairobi kikazi. Mnaongea shea kama ni moja na sio moja. Ile ya Ghana na Burkina Faso ni ngumu, inashika umbo kama jibini. Ya kwetu, na ya Sudan Kusini pia, ni aina nyingine ya mti huohuo, inaitwa nilotica, iko na yale mafuta laini mengi zaidi, kwa hivyo siku ya joto inakuwa karibu kumwagika. Nyumbani tunaiita moo yaa na hatuanzi kwa nywele, tunaanza kwa chakula. Unaimwagia juu ya malakwang, mboga yetu ya majani, ikiwa moto, hio harufu yake ya moshi moshi inaingia kwa mboga, hakuna siagi ya dukani inafikia hapo. Mtoto akizaliwa ndio hio anapakwa.

Kwa kupiga, ya kwetu haitaki mafuta mengi, kijiko au viwili vinatosha, na hata bila mashine unaipiga na uma. Mimi huletewa na basi la Kampala. Lakini inakuwa adimu kila mwaka kwa sababu mti unachukua miaka 15 hadi 20 ndio uzae vizuri na watu walikuwa wanaukata makaa, mpaka Museveni akatoa amri mwaka 2023 kuzuia makaa ya biashara huko kaskazini. Kama amri inafuatwa au la, hio ni stori ya siku nyingine.

Rangi ya njano isikutishe. Shea mbichi ni ya maziwa au kijivu kidogo, lakini Afrika Magharibi kuna inayotiwa mzizi wa borututu ndio iwe njano. Wewe nusa. Ikinuka njugu na moshi ni mbichi. Haina harufu yoyote na ni nyeupe pepepe, hio imepita kiwandani. Ikinuka kama mafuta ya chapo yaliyokaa, imeharibika, rudisha.

nesi_wa_usiku
Naingilia hapo kwa alovera kabla mtu aumie. USIWEKE. Mafuta matupu hayaoti kuvu kirahisi kwa sababu hakuna maji ndani. Ukitia alovera, chai ya rozmeri, maji ya mchele, asali, sijui nini, umetengeneza chakula cha bakteria ndani ya mkebe na unaenda kukipaka mtoto. Wale wa dukani wanaweka dawa ya kuhifadhi, wewe huna. Na vitamini E sio dawa ya kuhifadhi, inachelewesha tu mafuta kuchacha, hio mambo nimechoka kuisoma kila uzi. Hata kijiko chenye maji kisiingie, na usichote na vidole ukitoka kuoga.

jirani_mwema
Mimi ndio natumia alovera ya shamba na sijawahi pata shida, nyinyi watu wa hospitali mnatisha watu sana.

nesi_wa_usiku
Unaweka friji na unamaliza kwa siku ngapi? Hapo ndio tofauti. Yake inakaa kwa bafu.

jirani_mwema
Sawa hapo kwa friji ni kweli.

nywele_asili_umoja
Mbona hakuna mtu amejibu kuhusu ukavu? Sis, shea haina maji. Haiwezi kupatia nywele maji yasiyokuwepo, kazi yake ni kufunga. Ukipaka kwa nywele kavu unafungia ukavu ndani, na hio ndio inafanyika kila asubuhi mkikimbilia basi la shule. Anza na chupa ya kupuliza, maji tu, gawanya kichwa mara nne, puliza mpaka zinyevuke zisidondoke, weka kondishena ya kuacha bila kuosha kama unayo, halafu shea kidogo, kiasi cha punje ya njugu kwa kila sehemu. Unasugua kwanza viganja mpaka iyeyuke ionekane ni mafuta ndio upake, kuanzia nchani kwenda juu. Funga matuta na uwache. Hakuna haja ya kurudia kila siku, siku ya tatu unapuliza maji tena na unaguza nchani. Ngozi ni hivo hivo, mtoto akitoka kuoga mpanguse kidogo tu, mpake akiwa bado na unyevu. Utaona magoti.

Swali lingine, mnaoshea maji gani? Kama mtaa wenu ni wa boho, yale maji ya kisima cha kuchimbwa na mashine, yenye chumvi, hayo maji yakikutana na sabuni ya kipande yanaacha utando kwa nywele na hakuna shea itapita hapo. Tumia shampuu, na suuza ya mwisho iwe maji ya mvua ama ya kununua.

mama_wa_pp2
Yesu, ni boho. Na ni sabuni ya kipande. Asanteni sana, hakuna video imeniambia hio. Na kwa kichwa chenyewe nipake ama nywele tu? Ako na mba kidogo hapo mbele.

nesi_wa_usiku
Nywele tu, kichwa wacha. Kuna kuvu anaishi kwa ngozi ya kichwa cha kila mtu, chakula chake ni mafuta, ukimpakia shea unamwandalia meza. Mba isipoisha onyesha daktari ama mfamasia akuchagulie shampuu ya dawa inayofaa umri wake. Na harufu, kama lazima uweke, matone 20 ya lavenda kwa mkebe wa gramu 250 ni mengi ya kutosha kwa mtoto. Peremende hapana kwa wadogo. Ya limau hapana pia, ngozi ikipigwa na jua inaweza kuungua. Jaribu kwanza nyuma ya mkono usiku mmoja, juu shea inatoka kwa kokwa na kuna watoto wachache ngozi inakataa.

mwana_likoni
Bibie, na mkisema vipimo msemeni ni vya bara. Mimi niko Likoni, Mombasa, niliifuata ya mtu wa Nairobi neno kwa neno, nikaitia kwenye mkoba, nafika feri ni supu. Huku kwetu mafuta ya nazi yenyewe ni maji karibu mwaka mzima. Mimi shea gramu 200, mafuta vijiko viwili vya chakula, na nta ya nyuki kijiko kimoja cha chai inayeyushwa pamoja. Yasimama imara. Na anayelalamika inateleza sana kwa mwili atie kijiko cha wanga wa mahindi wakati wa kupiga, ule mweupe laini wa keki, si unga wa ugali jamani, kuna mtu alifanya.

mzee_kipara
Mimi ndio nilifanya. Visigino viko sawa lakini.

mama_wa_pp2
Leo jioni nimeyeyusha yote, nimeongeza mafuta ya alizeti, barafu nimenunua kwa mtu wa samaki hapa chini, inanuka lakini iko nje ya bakuli. Imefura mara mbili. Naona ni laini ila nangoja kama chembe zitarudi.

kemia_mtaani
Ikipita wiki mbili bila punje uko salama. Weka mbali na dirisha, ikiyeyuka tena unaanza upya.

biashara_254
Hio picha ya status iko wapi? Unauza mkebe ngapi?

nywele_asili_umoja
Wacha kwanza chembe ziishe. Na ukitaka kuuza kwa duka utahitaji alama ya KEBS, wale watu wa viwango wa Kenya, kwa mafuta ya mwili hawaangalii kando.